Harry Thuku: Mfungwa aliyetikisa Nairobi akiwa seli

NI barabara fupi inayopita kati ya Chuo Kikuu cha Nairobi na hoteli ya Norfolk. Maelfu ya watu huitumia kila siku, lakini wengi wao hawajui kwamba imepewa jina la mtu ambaye kukamatwa kwake mnamo 1922 kulizua maandamano makubwa ya kwanza ya kisiasa ya Waafrika katika mji wa Nairobi.

Mtu huyo ni Harry Thuku. Historia humtaja kama mmoja wa waasisi wa siasa za ukombozi nchini. Hata hivyo, maisha yake hayakuwa ya mwanaharakati wa barabarani. Siku ambapo watu walipigwa risasi kwa ajili yake, yeye alikuwa amefungiwa ndani ya seli. Na katika nusu ya pili ya maisha yake, Thuku aliwageuka waliotaka kuendelea na njia ya makabiliano, akawa mtetezi mkubwa wa utulivu na utiifu kwa sheria.

Wakati huu ambapo Kenya ingali inajadili mpaka kati ya haki ya kuandamana na wajibu wa kulinda usalama mijini, maisha ya Thuku yana mengi ya kutufunza. Mjadala huu haukuanza na katiba ya 2010, wala haukuanza na vijana wa 2024. Ulianza mbele ya lango la kituo cha polisi, zaidi ya karne moja iliyopita.

Kutoka Kambui hadi Nairobi

Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, katika eneo la Kiambu. Alipata elimu yake katika shule ya wamishonari wa Gospel Missionary Society, ambako alijifunza kusoma na kuandika. Kama vijana wengi wa kizazi chake, hakukaa sana kijijini. Mnamo 1911 alielekea Nairobi kutafuta riziki.

Mwanzo wake mjini haukuwa mzuri. Alipata kazi ya utarishi katika benki, lakini akahusishwa na hundi ya kughushi na kuhukumiwa kifungo cha miaka miwili. Alipotoka gerezani alianza upya. Aliajiriwa kama mpangaji chapa katika gazeti la Leader, lililokuwa likisomwa na walowezi wa Kizungu.

Kazi hiyo ilimfungua macho. Herufi alizozipanga kwa mikono yake zilibeba malalamishi ya walowezi dhidi ya serikali, madai yao ya ardhi zaidi na kilio chao cha kutaka vibarua zaidi. Kijana huyo akaona jinsi kundi dogo la watu linavyoweza kuisukuma serikali kwa kuandika, kukutana na kupeleka maazimio. Walowezi hawakuitwa wachochezi walipofanya hivyo.

Baadaye Thuku aliingia katika Hazina ya serikali kama mhudumu wa simu. Kwa Mwafrika wa wakati huo, hiyo ilikuwa kazi ya hadhi. Alijua Kiingereza, alivaa suti, na alikuwa na mshahara wa uhakika. Angetaka kuishi kwa amani, hakuwa na sababu ya kujitia matatani.

Kipande, kodi na mishahara

Lakini miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia ilikuwa michungu kwa Waafrika. Maelfu walikuwa wamekufa wakibeba mizigo ya jeshi, na waliorudi walikuta mambo yamekuwa mabaya kuliko walivyoyaacha.

Kwanza ni kipande. Sheria ya kusajili wenyeji iliyopitishwa mnamo 1915 ilianza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa takriban miaka 16 alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake na historia ya kazi yake. Wengi walikitia katika kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Aliyemtoroka mwajiri alisakwa kwa kipande hicho.

Pili ni kodi ya nyumba, ambayo ilipandishwa hadi kufikia Sh16 kwa mwaka. Tatu ni mishahara. Mnamo 1921, bei za mazao zilipoanguka na sarafu kubadilishwa, waajiri Wazungu walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Mtu alitakiwa kulipa kodi kubwa zaidi kwa pato dogo zaidi.

Jambo la nne ndilo lililowachoma watu zaidi. Mnamo Oktoba 1919, serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka uliowataka maafisa na machifu kuwahimiza wenyeji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Waraka huo uligusa hata wanawake na watoto. Mikononi mwa machifu wengi, kuhimiza kuligeuka kuwa kulazimisha. Wasichana walichukuliwa kwao na kupelekwa mashambani, na visa vya kudhulumiwa kwao vikaenea vijijini.

Thuku aliyazungumzia mambo haya yote, na hili la wanawake alilitilia mkazo. Ndiyo maana alipendwa sana na kina mama. Walimtungia wimbo wa kumsifu uliojulikana kama Kanyegenuri, ambao uliendelea kuimbwa hata baada ya serikali kuukataza.

Chama cha watu wa mji

Mnamo Juni 1921, Thuku na wenzake walianzisha Young Kikuyu Association. Haukupita muda kabla ya kukibadilisha jina kuwa East African Association. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa. Nairobi ilikuwa mji wa watu wa kila asili, na Thuku alitambua kwamba kipande hakikuuliza mtu ametoka kabila gani. Miongoni mwa wanachama walikuwamo Wakikuyu, Wakamba, Waluo na Waganda, Wakristo kwa Waislamu.

Chama hicho kilikuwa tofauti na Kikuyu Association, kilichokuwa cha machifu na wazee wa Kiambu. Machifu walilalamika pia, hasa kuhusu ardhi, lakini walifanya hivyo kupitia kwa wakuu wa wilaya na wamishonari. Thuku aliona njia hiyo ni ndefu na haifiki. Mnamo Julai 1921, baada ya mkutano wa hadhara Nairobi, alituma simu ya maandishi moja kwa moja London, akiwaruka maafisa wote wa koloni.

Alisaidiwa na marafiki Wahindi waliokuwa wakipigania haki zao wenyewe. Manilal Desai, mhariri wa gazeti la East African Chronicle, alimruhusu kutumia ofisi na mtambo wake wa kupiga chapa. Thuku alijua kazi ya chapa, na vijikaratasi vyake vya Kiswahili vikaanza kusambaa mitaani na mashambani. Uhusiano huo na Wahindi uliwaudhi machifu na kuwatia wasiwasi walowezi.

Habari zilifika mbali. Huko Nyanza, vijana waliosoma katika shule za misheni walikutana Lundha, Gem, mnamo Desemba 1921 na kuanzisha Young Kavirondo Association, wakitoa malalamishi yaliyofanana na ya wenzao wa Nairobi. Serikali ikaanza kuona kwamba haikuwa ikishughulika na kelele za mji mmoja tu.

Inafaa kukumbuka kwamba hadi hapo Thuku alikuwa ametumia njia ambazo leo tungeziita halali kabisa. Aliunda chama chenye jina na viongozi wanaojulikana. Aliitisha mikutano mchana kweupe. Aliandika barua, akatuma simu, akachapisha matangazo. Wakubwa wake katika Hazina walipomtaka achague kati ya kazi na siasa, alichagua siasa, akapoteza mshahara wake.

Mapema mwaka wa 1922 alizuru Murang'a na Nyeri, na umati uliojitokeza kumsikiliza ulikuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kuonekana. Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. Aliwashambulia machifu na wamishonari kwa maneno makali, na kuwahimiza watu wakusanye vipande vyao wavirejeshe kwa serikali. Machifu waliapa mbele ya mahakimu kueleza yale waliyomsikia akisema. Viapo hivyo ndivyo serikali iliyotumia kuhalalisha hatua iliyofuata.

Siku mbili mbele ya kituo cha polisi

Jioni ya Machi 14, 1922, Thuku alikamatwa Nairobi na kuzuiliwa katika kituo cha polisi karibu na hoteli ya Norfolk. Hakushtakiwa katika mahakama yoyote. Serikali ilikusudia kumhamisha kwa amri tu, chini ya sheria iliyoiruhusu kuwaondoa wenyeji iliowaona kuwa hatari kwa utulivu.

Usiku huohuo habari zilienea Pangani na katika mitaa mingine ya Waafrika. Kesho yake wafanyakazi wengi waligoma. Wapishi, watumishi wa nyumbani, madereva na vibarua waliacha kazi na kuelekea kituoni. Walichodai kilikuwa kimoja: kiongozi wao aachiliwe. Waliomba dua, wakaimba, wakakaa chini. Siku hiyo ya kwanza ilipita bila damu kumwagika.

Asubuhi ya Machi 16 umati ulikuwa umeongezeka na kufikia watu kati ya 7,000 na 8,000. Kwa mji mdogo kama Nairobi ya wakati huo, idadi hiyo ilikuwa ya kuogofya machoni pa wakubwa. Mbele ya umati walisimama askari wa polisi wenye bunduki zilizofungwa singe. Hawakuwa na ngao wala virungu vya kutuliza ghasia, na hakukuwa na gesi ya kutoa machozi. Kati ya kumwomba mtu aondoke na kumpiga risasi, serikali haikuwa imejipa njia nyingine ya katikati.

Hata hivyo kulikuwa na nafasi ya kuepusha maafa. Wajumbe sita waliteuliwa kutoka kwa umati na kupelekwa kuonana na Katibu wa Koloni, Sir Charles Bowring. Aliwaeleza kwamba Thuku hangeachiliwa kwa shinikizo la umati, lakini kwamba jambo lake lingeshughulikiwa kwa haki. Aliwataka wakawatawanye watu.

Wajumbe walirudi na kuwasihi wenzao waende nyumbani. Baadhi ya watu walianza kuondoka. Ni hapo mambo yalipogeuka.

Miongoni mwa wanawake waliokuwepo alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mzaliwa wa Weithaga, Murang'a. Wanawake hawakuamini ahadi waliyoletewa. Waliona wanaume wamerudi mikono mitupu. Nyanjiru alijitokeza mbele, akapandisha vazi lake juu na kuwataka wanaume wamvulie suruali zao azivae yeye, maadamu wao wameingiwa na woga. Katika mila za Wakikuyu, kitendo cha mwanamke mzima kujifunua hadharani namna hiyo ni tusi zito na karibu na laana. Mwanamume aliyefanyiwa hivyo hakuwa na pa kuuficha uso wake.

Wanawake walipiga vigelegele. Umati uliokuwa ukitawanyika uligeuka, ukasonga mbele kuelekea lango la kituo hadi karibu na ncha za singe. Askari wakafyatua risasi.

Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Watu walipokimbia, risasi ziliwafuata mgongoni. Masimulizi mengi ya walioshuhudia yanaeleza kwamba Wazungu waliokuwa katika baraza la Norfolk walijiunga na askari kuwapiga watu waliokuwa wakitoroka.

Serikali ilitangaza kwamba watu 21 walikufa, wanne kati yao wakiwa wanawake. Waafrika waliokuwepo walishikilia kwamba idadi ilikuwa kubwa zaidi ya hiyo, kwani majeruhi wengi walibebwa na jamaa zao na kufia mbali na macho ya wakubwa. Uchunguzi wa serikali ulikubali kwamba risasi zilianza kufyatuliwa bila amri. Hakuna aliyeadhibiwa.

Nani alivuruga utulivu?

Kwa mtazamo wa serikali ya kikoloni, jibu lilikuwa rahisi. Umati mkubwa ulikuwa umezingira kituo cha polisi ukitaka mfungwa atolewe. Serikali inayomwachilia mfungwa kwa kuogopa umati haina tena mamlaka, na leo akiachiliwa mtu mwema, kesho ataachiliwa mhalifu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata serikali ya watu huru haiwezi kukubali milango ya korokoroni ifunguliwe na wenye sauti kubwa.

Lakini utulivu wa Nairobi haukuvurugwa siku ya Machi 16. Ulivurugwa siku mbili kabla, mtu aliyekuwa akifikisha malalamishi ya maelfu alipotiwa seli bila kufikishwa mbele ya hakimu. Watu walipokosa mahakama ya kwenda, walikwenda kituoni. Walipoambiwa kwamba haki itatendeka, hawakuwa na sababu ya kuamini, kwa kuwa kukamatwa kwenyewe hakukuwa na haki.

Wajumbe wale sita ndio waliokuwa daraja la mwisho. Daraja hilo lilikatika si kwa sababu umati ulitaka vita, bali kwa sababu wajumbe hawakupewa chochote cha kuwapelekea wenzao. Tarehe ya kesi ingetosha. Ruhusa ya kumwona Thuku akiwa hai ingetosha pengine. Walirudi na neno tupu, na neno tupu halikuweza kushindana na fedheha ya Nyanjiru.

Jambo jingine ni silaha. Askari aliyepewa bunduki peke yake atatumia bunduki. Waliofyatua risasi siku ile walikuwa Waafrika wenyewe, wenye hofu, wakisongwa na maelfu ya watu kwa hatua chache. Lawama kubwa zaidi iwaendee waliowapanga pale wakijua kwamba umati ungesonga, na hawakuwaandaa kwa lolote isipokuwa kuua.

Na je, risasi zilileta utulivu? Kwa siku chache, ndiyo. Lakini mwaka huohuo serikali ilipunguza kodi kutoka Sh16 hadi Sh12. Gavana Northey aliitwa nyumbani. Mnamo 1924 wafuasi wa Thuku walianzisha Kikuyu Central Association (KCA), kilichokuja kuwa na nguvu kuliko chama kilichopigwa marufuku. Yale ambayo serikali ilikataa kuyasikia yakisemwa kwa maneno, iliyakubali nusu nusu baada ya watu kuzikwa.

Miaka tisa uhamishoni

Thuku alisafirishwa hadi pwani na kupelekwa Kismayu, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Kenya. Eneo hilo la Jubaland lilipokabidhiwa Italia mnamo 1925, alihamishwa. Alikaa Lamu, kisha Witu, na hatimaye Marsabit. Kwa jumla aliishi uhamishoni kwa takriban miaka tisa, tangu akiwa kijana wa miaka 27 hivi hadi alipokaribia miaka 36, na muda wote huo hakuwahi kuhukumiwa na mahakama yoyote kwa siasa zake.

Aliachiliwa mwishoni mwa 1930 na kurudi Kiambu mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Alipokewa kama shujaa, na mnamo 1932 akachaguliwa kuwa rais wa KCA.

Lakini aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Wenzake walikuwa wamezoea siasa za ushindani na lugha kali. Thuku alikuwa na miaka tisa ya kutafakari kilichompata yeye na kilichowapata waliomfuata. Mizozo ya uongozi ilizuka, na mnamo 1935 akajitenga na kuunda Kikuyu Provincial Association. Wanachama wa chama hicho waliahidi utiifu kwa serikali na kutofanya lolote lililo kinyume cha sheria.

Waliomwona kama msaliti walikuwa wengi. Walisema jela ilikuwa imemvunja. Waliomtetea walisema alikuwa amejifunza kwa gharama ambayo wakosoaji wake hawakuilipa. Bila shaka kulikuwa na ukweli pande zote mbili. Mtu ambaye watu 21 au zaidi walikufa mbele ya dirisha la seli yake ana sababu ya kuogopa umati, hata ule unaomshangilia.

Mnamo 1944, Eliud Mathu alipoteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, kiliundwa chama cha kumsaidia, Kenya African Study Union. Thuku alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza, kwani jina lake lilikuwa lingali na uzito. Hakukaa sana. Mwaka uliofuata James Gichuru alichukua nafasi hiyo. Chama hicho ndicho kilichogeuka kuwa Kenya African Union, ambacho Jomo Kenyatta alikuja kukiongoza kuanzia 1947.

Vita vya Mau Mau vilipozuka na hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, Thuku alisimama upande wa serikali. Alikemea Mau Mau hadharani. Kwa wapiganaji waliokuwa msituni, huo ulikuwa usaliti usiosameheka kutoka kwa mtu aliyewahi kuwa nembo ya upinzani.

Thuku alirudi shambani kwake. Alikuwa mkulima hodari wa kahawa, zao ambalo walowezi walikuwa wamewazuia Waafrika kulikuza kwa miaka mingi. Mnamo 1959 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Aliaga dunia mnamo Juni 14, 1970, mwaka uleule ambapo kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa kama kitabu.

Sheria iliyobaki na maswali yaliyobaki

Wakoloni walipoondoka waliacha sheria zao. Sheria ya Usalama wa Umma ya 1950, inayosimamia mikutano na maandamano, iliendelea kutumika baada ya uhuru. Kwa miaka mingi ilimlazimu anayetaka kukutana na watu kuomba leseni, na aliyetoa leseni alikuwa serikali ileile iliyokuwa ikilalamikiwa. Ni mnamo 1997, kabla ya uchaguzi mkuu, ambapo mageuzi yaliondoa leseni na kuweka ilani. Waandalizi walitakiwa kuwaarifu polisi angalau siku tatu kabla, na si zaidi ya siku 14.

Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kupiga kambi na kuwasilisha malalamishi, mradi tu afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Ilani si ombi la ruhusa. Kazi ya polisi, kwa mujibu wa katiba, ni kuyawezesha maandamano yafanyike bila kuwadhuru waliomo na wasiokuwemo.

Wasiokuwemo nao wana haki zao. Mwenye duka katikati ya jiji anayevunjiwa mlango na kuporwa mali hakuitunga sheria inayopingwa. Mama mjamzito ndani ya ambulensi iliyokwama hana ugomvi na yeyote. Anayesema kwamba haki ya kuandamana haina mpaka anawasahau watu hawa, na anawapa wapinzani wa haki hiyo hoja yao bora zaidi.

Lakini mizani imekuwa ikielemea upande mmoja. Mnamo Juni 2024 vijana walijitokeza katika miji mingi kupinga Mswada wa Fedha. Mnamo Juni 25 baadhi yao waliingia katika majengo ya Bunge, na risasi zikafyatuliwa. Mapema mwezi uliofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilisema watu 39 walikuwa wamefariki. Mswada wenyewe ulikuwa umetupiliwa mbali siku moja tu baada ya damu hiyo kumwagika. Kodi ya 1922 nayo ilipunguzwa baada ya mazishi, si kabla.

Kuna tofauti moja inayostahili kuzingatiwa. Mnamo Julai 2024, polisi walitangaza kupiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi wakisema hayakuwa na viongozi wa kushauriana nao. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo. Malalamishi ya polisi yalikuwa na uzito wake, kwani ni vigumu kupanga njia na saa na umati usio na msemaji. Lakini nani aliyewafunza Wakenya kuficha viongozi wao? Mnamo 1922 umati ulikuwa na kiongozi anayejulikana kwa jina, ofisi na anwani. Aliadhibiwa kwa miaka tisa. Wengine waliomfuata katika vizazi vilivyofuatia, kabla na baada ya uhuru, walipata malipo kama yake. Vijana wa leo wamesoma historia hiyo, au wameisikia kwa wazazi wao.

Serikali inayotaka maandamano yenye mpangilio haina budi kuwahakikishia wanaojitokeza kuyapanga kwamba hawatatekwa usiku. Ilani ya siku tatu inawezekana tu pale ambapo anayeiandika haogopi kutia saini jina lake. Vilevile viongozi wa maandamano wanapaswa kuwa tayari kubeba mzigo wao: kuwatenga waporaji, kuwaelekeza wafuasi, na kuwaambia watu waende nyumbani wakati unapofika, hata kama watazomewa kama wale wajumbe sita.

Thuku aliishi kuona bendera ya Kenya huru ikipandishwa. Hakupewa nafasi kubwa serikalini, na wengi waliopigania uhuru hawakumsamehe. Hata hivyo, kipande alichokipinga kilikuwa kimefutwa, kodi iliyowatesa watu wake ilikuwa imebaki hadithi, na wanawake hawakuwa wakilazimishwa tena kwenda mashambani mwa walowezi. Yote aliyoyadai mnamo 1921 kwa barua na simu za maandishi yalikuja kukubaliwa kuwa ya haki. Nyanjiru na wenzake waliozikwa Machi 1922 hawakuishi kuyaona.